Mahindi Mbichi Mbele

Asanteni kunipa nafasi, kina mama. Nitasimama hapa karibu na mlango, nikianza kulia nitoke haraka.

Mnajua nilikuwa karani wa kompyuta pale kwa ushirika wa kukausha mahindi. Kila asubuhi nilipanga foleni ya mashine: mbichi kwanza, nusu, yaani yaliyokauka kiasi, ifuate, kavu mwisho. Sasa, kompyuta haijui mambo ya mvua. Ukiandika amri ya sort, ile ya kupanga orodha, peke yake, inafuata alfabeti, na kavu inatangulia mbichi. Kwa hivyo naweka namba mbele ya kila mstari, mbichi moja, nusu mbili, kavu tatu. Napanga, halafu nakata zile namba. Niliandika hayo yote kwa kurasa nne ndio mwenzangu wa ofisi asihangaike nikienda kujifungua.

Ndugu zangu, nawaambia, huyo dada tulikuwa tunakula sahani moja. Ndiye alinisimamia harusi! Nilirudi kazini nikapata kurasa zangu ukutani, jina lake juu. Meneja akasema, "Mama, kazi yako sasa iko kwa karatasi. Mtu yeyote anaweza." Dada anaangalia viatu vyake tu. Iliniuma kuliko uchungu wa kuzaa, na hapo siongezi chumvi.

Nikakaa nyumbani, mtaani kwetu West Indies, nikiomba wakwame. Msicheke, niliomba hivyo kwa magoti.

Wakakwama. Mama mmoja wa Timboroa alinijia na mahindi yenye ukungu kwa mfuko. "Msichana wangu, nimengoja siku nane. Wenye mahindi makavu wananipita tu." Nikajua papo hapo kwamba zile namba zimetolewa.

Nilitaka kufunga mlango. Lakini yale mahindi yalikuwa yananuka, na gunia zake zingine bado ziko kwa foleni. Nikabeba mtoto mgongoni, tukaenda. Yule dada akasema, "Nilidhani namba ni urembo." Hata pole hakusema. Nikarudisha ule mstari wa kuweka namba, na chini yake nikaandika kitu nilikuwa nimesahau kuandika: mbichi ikingoja, inaoza.

Kazi sikurudishiwa. Jina lake bado liko ukutani, na bado nachukia kupita hapo. Lakini nyinyi mlinipikia uji, mkaniletea watoto wenu niwafundishe kompyuta. Mungu awabariki. Hao nawafundisha kuandika sababu ya kila hatua, na jina lao kila ukurasa.

Gunia za yule Mama zilikaushwa siku hiyo hiyo. Jana ameniletea unga. Uko kwa hiyo ndoo ya bluu, kila mtu achukue kidogo.