Ufunguo wa Pili

— Elfu mia na themanini, Gatete! Na mtu! Tulipatana pesa, na mtu wa kushika ufunguo wa pili. Nimengoja mpaka nimechoka!

— Mutu atakuja. Lakini pesa mi silipi. Tuyau yako imekula megabaiti za mwezi muzima kwa siku ine!

Benchi walilokalia liko kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, njia ya kwenda mpakani, Petite Barrière, ubavuni mwa jiko la Mukamusoni na birika lake la kahawa ya tangawizi. Anayedai ni Ndahiro, ambaye wanamwita Tuyau, yaani bomba. Alizaliwa Karagwe, akarudi huku na wazazi, wazazi wakamfia, na Kiswahili chake cha kule wanakicheka mpaka leo. Ufundi hakuusomea, alijifunza kwa kuharibu vyombo vyake mwenyewe. Gatete ana friji kubwa ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko Nyamyumba, mahali ambapo waya wa intaneti haujafika. Zamani kamera yake ilikuwa wazi, mtu wa nchi yoyote angeweza kumhesabia ndoo zake. Ndahiro akamfungia modemu ya laini ya simu, na ndani yake VPN: bomba ambalo joto la friji na picha za kamera hupita humo zikiwa zimefumbwa zisisomwe na mwingine, mpaka kwenye kompyuta iliyo chumbani kwa Ndahiro, ndipo ziende kwenye simu ya Gatete. Kazi safi. Aliisema bei yake mara moja, hakuipandisha.

— VPN haili megabaiti, alisema Ndahiro. Inaongeza kidogo tu, kama uzito wa gunia juu ya maharage.

— Mi najua, akadakia Habineza, motari wa kubeba abiria, kofia yake ya pikipiki magotini. Ile bomba inapita chini ya ziwa. Gazi ya Kivu inaitoboa. Megabaiti zinatoka kama mapovu!

— Yewe Habineza, alisema Mukamusoni akimimina. Gazi itafanya nini na megabaiti? Ni watu wa ng'ambo. Wanakinga ndoo, wanauza tena.

— Hapana! Iko mutu ndani ya modemu, alisema Gatete. Nimeona taa. Kila nusu dakika, tii! Usiku na muchana. Inaita nani?

— Inaniita mimi.

Habineza akasogea karibu asikie.

— Inasema tu kwamba ipo, alisema Ndahiro. Isiposema, mtandao utaona kimya na kufunga njia. Basi inasema, na kompyuta yangu inajua.

— Donc we unalala na friji ya Gatete! Habineza akacheka mpaka kofia ikaanguka.

— Mi napita wiki nzima mutoto wangu hajaniita, alisema Mukamusoni. Yeye angalau iko na kitu inamuita.

Ndahiro alihisi masikio yanawaka, akamgeukia Gatete kwa ukali kuliko alivyotaka.

— Modemu iko wapi?

— Dirishani.

— Niliiweka ukutani, nyuma. Dirisha la upande gani?

— Ya ziwa. Unaona Goma yote.

— Na roaming, nani alifungua?

Gatete akaangalia kikombe chake.

— Réseau ya simu ilikuwa munyonge. Nikabonyeza.

— Basi inakamata mnara wa Goma! Umelipa bei ya nchi nyingine ukiwa umekaa kwako! Bomba halina kosa. Fumbo halina kosa. Kidole chako!

Gatete alitoa noti, akazilaza kwenye benchi, akazikandamiza kwa kikombe.

Rayhana, mshonaji aliyekuja kumngoja Habineza ampeleke Mahoko, alikuwa amesimama pembeni na kitambaa begani. Hakuwahi kukaa hapo.

— Samahani, kaka, alisema. Ile kompyuta ya kwako. Ukilala mugonjwa, nani mwingine atafungua?

Habineza akamtazama Gatete. Gatete akamtazama Mukamusoni. Mukamusoni akainamisha birika. Likatoa masimbi ya kahawa tu.

Ndahiro alikiona chumba chake: kitanda, kompyuta, taa ya kijani. Angeanguka usiku, modemu ingeendelea kusema ipo, ipo, ipo. Friji ingeendelea kusikilizwa. Mlango wa chumba usingegongwa na mtu.

— Bon, alisema Gatete akiinuka. Pesa yako iko hapo. Hesabu.

— Sihesabu. Nakuamini.

— Basi imekwisha.

— Haijaisha. Tulipatana vitu viwili, na wewe ulitikisa kichwa hapa hapa. Mtu wa kuja kwangu jioni, nimfundishe, ashike ufunguo wa pili wa kompyuta, ajue nikiwa kimya, aje agonge.

— Ntakibazo, hakuna shida, nitatafuta...

— Pesa nimepokea. Nipe mtu wangu.