Kopo la Biskuti Kutoka Ng'ambo ya Mpaka

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya kibanda cha kahawa cha Mak Zaleha, hapo Pontianak, lilijaa, na mwenyewe hana raha hata chembe. Makopo thelathini ya biskuti za Idi, aliyoyatoa Malaysia, ng'ambo ya mpaka, yako nyuma ya pazia. Yana nembo ya halali, kubwa, ya kijani, lakini ni nembo ya kule, na kesho wakaguzi wanapita. Akafungua kopo moja, akaliweka mezani, akawauliza wateja wake: ayauze au ayafiche? Ungedhani kawafungulia bunge.

Syafrudin, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja, akasema cheti cha nje lazima kisajiliwe serikalini Jakarta kwanza. Bila hivyo nembo ile ni pambo tu.

— Kwa hiyo biskuti imevuka mpaka ikabadili dini? akauliza Ko Aliong, muuza tambi za nguruwe wa mtaa wa pili.

— Acha mzaha, Ko. Hili ni suala la karatasi.

— Mimi nimeambiwa niandike "si halali". Nimeandika, nalala usingizi wangu.

Hamsan Kontena, dereva mstaafu wa malori ya bandarini, akadai biskuti si hoja. Liulizwe lori lililozileta, jana yake lilibeba nini. Wakili akaona anapitwa: na gundi ya karatasi ya kopo, je? Hamsan akapanda zaidi: na sabuni iliyofulia shati la dereva? Kila hoja na mkono koponi. Mak Zaleha alikuwa akiitazama ile mikono, roho inamuuma.

Ndipo akafika Bu Suryati na kikapu chake. Mumewe, aliyezipenda sana biskuti hizo, kesho anasomewa dua ya arobaini.

— Mak, naomba makopo mawili. Ila nyie mnaojua, niambieni: nikiwapa watu kwenye dua, ni halali kuliwa au si halali?

Wakili akachungulia kikombe chake. Hamsan akainama kufunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili.

— Waulize vizuri, Bu, akasema Ko Aliong. Wamemaliza kopo zima.

Mak Zaleha akalipindua kopo, zikadondoka chenga. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na makopo mawili, akayatia kwenye kikapu cha mjane.

— Haya siuzi, nimekupa. Tutamsomea pamoja.

Kisha akawageukia wale wa benchini.

— Nyie, kahawa imekwisha.

Birika la kahawa bado lilikuwa linatoa mvuke.