Mkono Usio na Mwenyewe

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lenye miguu mitatu na tofali, katikati ya kibanda cha fundi viatu na baraza ya fundi cherehani, na mimi ndiye mwenye birika la kahawa, mtoto mgongoni, saa moja asubuhi mkaa umeshashika. Fundi viatu tunamwita Gundi, maana anaamini kila kilichoachana duniani, viatu au watu, hurudishwa kwa gundi. Fundi cherehani ni Bi Pindo, anashona huku anasikiliza, na anasikiliza kuliko anavyoshona. Wa tatu ni Hakimu, miaka thelathini amepiga chapa hukumu za wengine mahakamani, sasa amestaafu anatoa zake. Mimi wananiita Mama Birika. Siku hiyo nilifanya kosa, niliwauliza kitu. Harusi yangu ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, wapiga picha walikuwa watatu, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana kwa sababu wapiga picha nao wana Jumamosi moja tu kwa wiki, na mchumba wangu alishaniambia chagua wewe, na kabla sijafungua mdomo shangazi yake akawa ameshachagua. Nilikuwa naogopa, nikadhani wakubwa watanisaidia. Nina miaka ishirini na moja, umri huo mtu hudhani mambo mengi.

Hakimu: Mlete mshtakiwa wa kwanza.

Mimi: Ni mpiga picha, mzee wangu.

Hakimu: Ndiyo huyohuyo. Mlete.

Nikatoa simu nikawaonyesha picha za harusi sita za yule tunayemwita Geuka Kidogo, kwa kuwa hilo ndilo neno analowaambia maharusi kuanzia asubuhi hadi jua linazama.

Gundi: Mbona bwana harusi anatazama huku na mkewe anatazama kule?

Bi Pindo: Ndiyo mtindo.

Gundi: Mtindo wa nini? Wanaonekana kama wanasubiri mabasi mawili tofauti.

Hakimu: Na walipanda. Hao nawajua, hawakumaliza mwaka.

Gundi: Mmeona? Aliwageuza shingo zikakauka hivyohivyo. Mtu ukimgeuza kidogo siku ya harusi, hageuki tena.

Bi Pindo: Waliachana kwa sababu ya mama mkwe.

Gundi: Na mama mkwe kwenye picha anatazama wapi? Hebu ikuze, binti. Haya. Anatazama kamera. Peke yake. Nani alishinda hapo?

Hakimu: Na hilo gari jeupe limo kwenye harusi zote sita. Hata maua ni yaleyale, ua la pembeni limevunjika shingo.

Bi Pindo: Basi hilo ua limehudhuria harusi nyingi kuliko wewe.

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba mimi na mchumba wangu hatujui kutazama mbali namna hiyo, nyumba yenyewe ni chumba kimoja, ukitazama mbali unagonga kabati. Hawakunisikia. Wakati huo mgeni mmoja alikuwa amefika, mtu mzima mwenye shati la mikono mirefu, akamkabidhi Gundi kiatu kilichoachia soli, akakaa mwisho wa benchi na soksi yake moja, akaagiza kahawa.

Bi Pindo: Mimi nasema atafutwe anayepiga kwa nyuma. Nimeshona vifungo ishirini na sita mgongoni mwa gauni la binti huyu, vyote kwa mkono.

Mimi: Na uso wangu, mama?

Bi Pindo: Uso wako tunao hapa kila siku.

Hakimu: Nani wa pili?

Mimi: Usicheke.

Wote wanamjua Usicheke. Anapiga picha za vitambulisho, ana kiti kimoja, ana shuka ya bluu ukutani, na amri yake ni hiyo moja.

Bi Pindo: Huyo wa vitambulisho? Harusi ifanane na foleni ya ofisini?

Hakimu: Wewe umewahi kusikia mtu ameachana na kitambulisho chake? Watu wanapoteza, sawa. Kuachana, hapana. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyecheka. Anayecheka kwenye picha ya harusi ametoa ahadi kwa maandishi. Miaka kumi baadaye anaulizwa, mbona hapa meno yote yako nje? Huo ni ushahidi.

Gundi: Kwa hiyo bibi harusi anune.

Hakimu: Asinune. Atazame mbele kama mtu asiye na kesi.

Gundi: Lakini kazi yenyewe haijui huyo. Mama Birika, waonyeshe ile picha ya mtoto.

Picha hiyo naitunza ndani ya kifuniko cha simu. Mtoto alikuwa na miezi miwili, ilitakiwa ya kadi ya bima ya hospitali, shingo ilikuwa haijakaza nikamshika kidevu, na mkono wangu ukaingia pichani, vidole vinne vyenye kucha za mkaa. Ofisini wakaikataa, wakasema mtoto aonekane peke yake. Nikarudi kwa Usicheke kama niliyeiba, akaitazama, akasema yeye hatoi mkono wa mama, kama ofisi inataka mtoto wa miezi miwili akae peke yake basi ofisi ije imshike. Nikaenda kupiga kwingine.

Gundi: Mpiga picha mzima anashindwa kuondoa vidole vinne.

Bi Pindo: Wa kuondoa ni Kifutio.

Nikainama nikachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa, maana Kifutio ndiye chaguo la shangazi. Huyo akishapiga picha huketi kwenye kompyuta akaanza kutoa kila usichokitaka.

Bi Pindo: Kwenye harusi ya mpwa wangu kaondoa tangi la maji, kaondoa nyaya za umeme, kaondoa na mjomba wetu mmoja aliyekuja amelewa. Picha safi, inang'aa. Ila mjomba alikuwa amemshika bibi harusi bega, na mkono ukabaki.

Gundi: Mkono gani?

Bi Pindo: Wa mjomba. Vidole vitano na saa. Mwenyewe hayupo.

Hakimu: Saa ilionyesha ngapi?

Bi Pindo: Hakimu, jamani.

Hakimu: Nauliza kwa ajili ya kumbukumbu.

Bi Pindo: Familia imegawanyika mpaka leo. Upande mmoja wanasema ni mkono wa marehemu babu, alikuja kubariki. Upande wa pili wanasema babu hajawahi kuvaa saa. Mjomba tumemwonyesha, anasema si wake.

Gundi: Mimi huyo Kifutio nimempenda. Unaalika watu mia tatu, halafu unaondoa wote waliokula bila kuleta zawadi.

Bi Pindo: Utabaki na meza.

Hakimu: Unafikiri kidogo sana, Gundi. Mwondoe bwana harusi. Nafasi yake iachwe wazi, pembeni ya bibi harusi, imesimama tu. Mambo yakiharibika huko mbele, unampachika mwingine na huhitaji harusi ya pili. Gauni lilelile, keki ileile. Hakuna mahakama itakayokuwa na kazi.

Gundi: Na bwana harusi mpya awe na urefu uleule.

Hakimu: Hilo ni suala la kiufundi.

Walicheka mpaka tofali la benchi likasogea. Na mimi nikasema, sikupanga kusema, yakatoka tu yote kwa pamoja, kwamba shangazi amemchagua Kifutio kwa sababu ya mtoto. Picha itatundikwa sebuleni kwake, na wageni wa sebuleni kwake wanajua kuhesabu miezi, hataki waone harusi na mtoto ndani ya fremu moja. Amesema siku hiyo mtoto abaki kwa jirani. Nami nikamwambia mtoto hashiki chupa, nimejaribu kijiko, nimejaribu kikombe, juzi nimemwacha kwa jirani huyohuyo nusu saa tu nikafuata sukari, nimerudi nimemkuta amelia mpaka sauti imekwisha, anafungua mdomo hakitoki kitu. Shangazi akasema basi akilia mpakate, si neno, Kifutio atamfuta. Alisema hivyo, atamfuta, kama anazungumzia tangi la maji. Nami nikaitikia, nikasema ndiyo shangazi, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, nawaza mtoto huyu atakua, atasimama mbele ya picha hiyo, ataniuliza mimi nilikuwa wapi.

Bi Pindo akasimamisha cherehani. Halafu wakapata nadharia.

Hakimu: Kwa taratibu, picha ni mali ya mwenye sebule.

Bi Pindo: Mtoto mwenyewe ana miezi saba. Hatakumbuka chochote, mwanangu.

Gundi: Halafu siku hizi Kifutio amekuwa fundi. Hataacha hata ukucha.

Mtoto akaamka. Nikamfungua mgongoni, nikamkalisha mapajani, kiganja chini ya makalio na kingine nyuma ya shingo ingawa shingo imeshakaza siku nyingi, mkono umezoea. Ndipo yule mgeni wa soksi moja akaweka kikombe chini.

Mgeni: Samahani, nauliza tu. Wakishamfuta mtoto, hiyo mikono itakuwa imeshika nini?

Wote wakaitazama mikono yangu. Mimi pia nikaitazama.

Hakimu: Maua.

Mgeni: Maua yanashikwa hivyo? Moja chini na moja kisogoni?

Gundi: Mto. Wapo wanaobeba mto.

Mgeni: Na macho? Maana anamtazama. Atakuwa anautazama mto namna hiyo?

Bi Pindo akauma sindano. Hakimu alikohoa kama mtu anayetaka kuahirisha. Gundi akakipaka kiatu gundi upande ambao haukuwa umeachia. Mgeni mwenyewe alirudi kwenye kahawa yake, kwake lilikuwa swali tu.

Hapo akaja mchumba wangu, fundi rangi, nywele zina madoadoa meupe na simu iko mkononi. Hapa kijiweni wanamwita Sawasawa, kwa kuwa hukubaliana na aliyesema mwisho, na kwao anayesema mwisho ni shangazi. Simlaumu sana, mama yake alifariki mapema na shangazi ndiye aliyemlea, hajui anaanzaje kumkatalia.

Sawasawa: Shangazi amepiga mara tatu. Anataka jibu ili amthibitishie Kifutio.

Hakimu: Kaa kwanza, bwana harusi. Benchi bado linatafakari.

Akamchukua mtoto ili mimi nimimine kahawa, akamshika hivyohivyo, moja chini na moja kisogoni, na vidole vikaacha rangi nyeupe kwenye kofia ya mtoto. Gundi aliona. Hakimu aliona, akageuka kutazama barabara. Simu ikaita mara ya nne. Nilijua nina muda wa milio mitano hivi, akishapokea tu atakayesema mwisho ni shangazi, nikaweka birika chini, nikasema harakaharaka kabla sijajisikia.

Mimi: Mwambie tunamtaka Usicheke. Huyo ambaye hakuutoa mkono wangu. Na mtoto anakuwepo kwenye picha, zote, hata ya sebuleni. Kama hataki kuitundika asiitundike.

Sawasawa alinitazama. Akamtazama mtoto.

Sawasawa: Sawa.

Akapokea. Shangazi huongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo tulimsikia wote.

Sawasawa: Shikamoo shangazi. Ni Usicheke. Yule wa vitambulisho, ndiyo. Na mtoto atakuwepo pichani.

Shangazi: Nani anasema hivyo?

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Sasa atanitaja, nikawaza, na Jumamosi nitaingia nyumbani kwa shangazi nikiwa tayari ni mkaidi, kabla hata ya kuvua viatu. Sawasawa akatutazama mmoja mmoja, mimi, Bi Pindo na sindano yake, Hakimu, mgeni wa soksi moja. Akamhamishia mtoto bega la pili.

Sawasawa: Mimi, shangazi.

Simu ikakatika.

Bi Pindo: Amekata?

Sawasawa: Amekata.

Gundi: Shangazi yako akikata simu bila kuaga inakuwa ni nini? Amekubali?

Sawasawa: Wakati mwingine amekubali.

Gundi: Na wakati mwingine?

Sawasawa: Anakuja.

Hakimu: Sasa hii ni ipi?

Hakuna aliyejua. Sawasawa amelelewa naye miaka kumi na tisa na yeye hakujua. Mgeni akavaa kiatu chake, akakanyaga kukijaribu, kikabaki kimenata kwenye ubao wa Gundi, yeye na Gundi wakaanza kukivuta. Bi Pindo akatoa futi yake ya kupimia shingoni, akampima mtoto kifua bila kumuuliza mtu. Hakimu akaninyooshea kikombe, nikainamisha birika, yakatoka matone mawili.

Nikateka maji mapya nikalibandika. Kama anakuja, atataka kahawa.