Fundi Mswaki Aondoka kwa Gari Lake Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, Fundi Mswaki anastaafu baada ya kuitumikia gereji yetu kwa miaka thelathini na mbili. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameipitisha amelala chali chini ya magari ya watu, kwa hiyo wateja wengi wanamfahamu zaidi kwa miguu. Wakimwona leo amesimama wima, tena na suti, wasishtuke. Ni yeye.

Alianza kazi hapa akiwa na nywele. Hakupewa cheo. Alipewa beseni, mafuta ya taa na brashi, akaambiwa aoshe vyuma mpaka atakapoambiwa basi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia basi. Akapanda akawa fundi, akapanda tena akawa mkuu wa mafundi wa injini, na bado anaosha. Brashi alipoiona kubwa mno kwa vichochoro vya injini, akahamia kwenye mswaki, na jina likamganda. Lile alilopewa na baba yake analijua karani wa ofisi peke yake.

Sheria yake ni moja na imetutesa wote: injini chafu haifunguliwi. Kwanza matundu yazibwe kwa vitambaa, kisha ipakwe mafuta ya taa, isuguliwe, ioshwe kwa sabuni, ikauke, ndipo spana iguse nati. Kufungua injini yenye tope, anasema, ni kufunua sufuria ya mchuzi kwenye kimbunga cha vumbi. Tulimcheka, halafu tukaosha. Hata bosi alipojaribu siku moja kulegeza nati moja tu, tena ndogo, alinyang'anywa spana mbele ya wateja kama mtoto aliyeshika kisu.

Kazi yake ilikuwa safi hadi ikaleta malalamiko. Dereva mmoja wa teksi alirudi hapa amenuna. Gari lake lilikuwa likidondosha oili miaka nenda miaka rudi, na lile doa pale kituoni ndilo lililokuwa hati yake ya kumiliki nafasi. Fundi Mswaki akaitengeneza injini, haikudondosha tena hata tone, doa likafifia, wenzake wakapaki juu yake. Alitaka arudishiwe uvujaji wake. Tulimshauri anunue kopo la rangi.

Lakini mfinyanzi hulia gaeni. Gari la Fundi Mswaki mwenyewe, lile alilomwendea bibi harusi wake, lilikaa juu ya mawe nyuma ya chumba cha rangi, injini imekufa zamani, na paka wetu amezalia kiti cha nyuma hadi vitukuu. Tangazo la kustaafu lilipobandikwa, shemeji yetu, yaani mkewe, alifika. Huyu ni mshonaji, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Sote tukainamia kazi ambazo hatukuwa nazo.

"Baba watoto," alisema, "nimezeeka nikiliangalia gari hili juu ya mawe. Jumamosi ya mwisho kabla ya sherehe nitakuja nikae ndani. Likiwaka, tutaondoka nalo. Lisipowaka, Jumatatu namwita mnunuzi wa vyuma chakavu, na siku yako tutatembea kwa miguu."

 Fundi Mswaki alikwenda kutafuta injini kuukuu akarudi na kitu juu ya mkokoteni ambacho hatukujua kimelala kifudifudi au chali. Oili ilikuwa imegandamana na vumbi ikawa lami. Ndani yake tulikuta manyoya ya kuku, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kueleza. Aliisugua wiki nzima kabla ya kuifungua. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania kama wapangaji wasiotaka kuhama. Akazilowesha, akazibembeleza, akazitukana kwa adabu, zikatoka. Akaweka ringi mpya, akasaga vali kwa mkono, akabadilisha gasketi zote. Kila boliti aliichomeka kwenye boksi la karatasi kwa mpangilio ule ule iliotoka, na ole wako ukipiga chafya karibu.

Jumamosi ikafika, injini imeshafungwa garini. Shemeji akapanda kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumsikiliza hakimu. Fundi Mswaki akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikakata. Akarudia. Ikakohoa, ikakata. Fundi umeme akasema ni mafuta, fundi rangi akasema ni umeme, na mimi mtunza stoo nikasema ni husuda. Jasho likamtoka mzee wa watu. Shemeji akaanza kutafuta simu ndani ya mkoba, na sote tulijua anamtafuta nani.

Fundi Mswaki akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akavuta. Kikatoka kitambaa. Akaendelea kuvuta, nacho kikaendelea kutoka, chenye maua ya zambarau na ukingo wa lesi. Kumbe baada ya kuifunga injini aliona alama ya kidole juu yake, akashindwa kulala nayo, akaziba matundu akaiosha tena. Injini imefufuliwa upya, haijawaka hata mara moja, imeoshwa.

"Hiyo ni foronya yangu," alisema shemeji.

Habari za foronya hiyo zilikuwa zimetufikia hata sisi. Ilipopotea kwenye kamba ya nguo, alilaumiwa wifi yake, dada wa Fundi Mswaki, aliyekuwa amekuja kusalimia siku ile. Tangu hapo hawajazungumza.  Fundi Mswaki akarudisha bomba, akazungusha ufunguo.

Ikawaka. Haikunguruma, ilikoroma kama mtu aliyeshiba. Paka akatoka mbio na ukoo wake wote. Fundi umeme akamkumbatia fundi rangi, jambo ambalo halijawahi kutokea na wote wawili wanalikana. Shemeji akakaa palepale, foronya mikononi inanuka petroli, akimwangalia mumewe mpaka tukaanza kuogopa upya.

"Ijumaa tutapitia kwanza kwa wifi," akasema. "Na utaendesha polepole, nipange maneno."

Fundi Mswaki, ahsante kwa kila injini uliyoifufua na kila ukucha wetu uliotulazimisha kuusugua. Pumzika vizuri, uishi miaka mingi yenye afya na barabara nzuri. Geti liko wazi, shemeji anangoja. Mfike salama kwa wifi.