Uso Ulioolewa Mara Mbili: Mzee Sakwimba Chinyama (1951–2023)

Marehemu Mzee Sakwimba Chinyama alizaliwa tarehe 4 Juni 1951 katika kijiji cha Kayembe, Dilolo, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Chinyama Kapenda na Bibi Nakalunga. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Kuchonga alifundishwa na mjomba wake, Samahina, aliyempokea alipotoka jandoni akamshikisha tezo.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa seremala katika karakana ya reli. Mwaka huohuo alimwona binti mmoja akianika muhogo kando ya reli na, kama wachongaji wetu wafanyavyo, akauiba uso ule bila kumwambia mwenyewe. Akachonga kinyago cha Pwo, mama yetu wa kale, chenye michirizi ya machozi mashavuni sawasawa na chale za yule binti. Kwa kuwa angekivaa na kukicheza mwenyewe, akampa mjomba pete ya shaba, ambayo ndiyo mahari ya mchezaji kwa kinyago chake. Tangu siku ile alikuwa mume wa Pwo, na sote twajua kwamba mchezaji akifa, mke huyo wa mti huzikwa kinamasini.

Kosa lake ni kwamba hakuweza kumsahau binti. Tarehe 12 Julai 1975 alimwoa, naye ndiye Mama Sombo. Harusi ilifana, ila mjomba hakula. Alimvuta bwana harusi pembeni.

"Mpwa wangu, umeoa uso mmoja mara mbili. Siku ukifa, mmoja anakwenda chini. Udongo utajuaje ni yupi?"

Marehemu aliishi na hofu hiyo maisha yake yote. Mwaka 1989, kwenye ngoma ya jando kule Kasaji, kinyago kilianguka kikapata ufa shavuni. Alikimbilia nyumbani njuga zikiwa bado miguuni, akamkuta mkewe taya limevimba.

"Ni jino, baba," Mama Sombo alimwambia. "Linaniuma tangu juzi, ila wewe na ngoma zako hata hukuuliza."

Jino liling'olewa, uvimbe ukaisha. Hata hivyo alikaa mwaka mzima bila kucheza, na watu wakamcheka.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Hospitalini wakasema ni moyo. Kufa hakukumtisha, alichoogopa ni kinamasi. Kumchoma Pwo ni mwiko, na kumuuza ni mwiko mkubwa zaidi. Basi mwezi uliopita aliomba apewe tezo yake. Alisema akiyafuta yale machozi, huenda uso usiwe tena wa mkewe. Au huenda tezo ikamchana mkewe mashavu. Hilo nalo alilisema. Kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kumkaribia Pwo, Mama Sombo alikaa nje, nyuma ya ukuta wa nyasi.

"Bado upo?" marehemu aliuliza baada ya pigo la kwanza.

"Nipo. Piga."

"Shavu je?"

"Zima. Piga bwana, ugali unapoa."

Kila pigo aliuliza, na kila mara alijibiwa. Mama Sombo ametuambia kwamba muda wote ule alikuwa ameyashika mashavu yake kwa mikono miwili.

Mzee Sakwimba alifariki Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, alfajiri, kiganja chake kikiwa juu ya shavu la mkewe.

Ameacha mjane, watoto wanne, Kapenda, Ngambo, Muhunga na Chilombo, na wajukuu kumi na mmoja. Tukitoka hapa kaburini, sisi wapwa zake tutateremka kinamasini na Pwo pamoja na pete yake. Akina mama watabaki na Mama Sombo. Tunawaomba, tutakapoanza kufukia, mmoja wenu amshike mkono, amuulize kwa sauti kama yupo. Kule chini hatutaondoka mpaka tusikie jibu lake.

Mungu amlaze pema mzee wetu, na amlaze peke yake.