Mama Salamu na Salamu Walizomfutia

Mwaka wake wa thelathini na moja kazini ndio huu, na leo Ijumaa, tarehe thelathini, Mama Salamu anastaafu. Sisi wapakiaji wa ghala la vifurushi tumeombwa tuandike kitu cha kuchekesha. Tutajaribu, ila roho zimechafuka.

Aliingia kama karani wa lebo, akaishia kuwa mtunza kompyuta wetu. Kazi yake mnaijua: ukiwasha kompyuta na kuingiza neno la siri, kabla ya chochote ile skrini nyeusi inakusalimia. Maneno alitunga mwenyewe, kila asubuhi mapya. "Karibuni. Lango la nyuma limekwama, zungukeni. Dereva Mrefu kapata binti, msimwombe soda wiki hii, mfuko umetoboka." Umeamka na kisirani, unacheka kabla hujashika mzigo.

Aliwahi kuboronga, tusimpambe. Mwanzoni aliweka salamu mahali ambapo hata mashine ya kuchapa lebo iliisoma. Asubuhi nzima vifurushi vikatoka vimeandikwa "Umeamkaje, mzee? Umekunywa chai?" Wateja wakapiga simu kujibu. Wengine walikuwa hawajanywa. Akarekebisha, salamu ikabaki kwa wenye macho tu.

Sasa kaja bosi mpya. Zilipobaki wiki mbili tu mama wa watu aondoke, yeye kaifuta salamu. Hakumuuliza. Siku hizi ukiingia unakuta: "Mfumo huu ni mali ya kampuni. Unafuatiliwa. Ukikosea utashtakiwa." Asubuhi asubuhi, tongotongo bado machoni, ushakuwa mwizi. Onyo liwekwe, hatukatai. Ila ile salamu ilikula nafasi ya nani?

Mama Salamu aliomba kitu kimoja: leo aandike ya mwisho, ya kutuaga. Kajibiwa asubiri kikao. Kikao chenyewe hakijakaa mpaka leo. Tukamwambia, mama, neno la siri unalo, ingia kimyakimya. Akatutolea macho: "Miaka yote nimepita mlangoni, leo mnanipitisha dirishani kama paka?"

Basi tunasema hapahapa, kwenye karatasi ya sherehe, na wewe bosi umekaa mstari wa mbele unaisoma. Kompyuta ya chumba cha pili imewashwa. Kisu cha keki tunacho sisi, na hatukitoi mpaka umruhusu mama aandike.

Asante, mama, kwa kila asubuhi. Usiharakishe, andika ndefu. Ukimaliza nenda kapumzike kwa raha zako, wajukuu wakuamkie mpaka uchoke kuitikia.