Kibao cha Mtumishi Mnyenyekevu

Tarehe 30 Juni, Mtumishi Oliver Makokha atakabidhi funguo za ofisi ya Kanisa la Bethfage, Mbaraki, baada ya kuwa karani na msimamizi wetu wa itifaki kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati imeniomba mimi, mpiga kinanda, niandike maneno mafupi ya kumsifu. Yeye mwenyewe ameniomba nisiandike kitu. Nimeitii kamati.

Alikuja kutoka Kakamega na suti moja ya kijivu na sauti isiyohitaji kipaza. Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mgeni yeyote aliyeingia Bethfage alitambulishwa, akasimamishwa, akapigiwa makofi ya kilo, kisha naye akaombwa awatambulishe aliokuja nao. Mhubiri alibakiwa na dakika chache za kumtambulisha Mungu.

Kuitwa Bwana Makokha hakutaka kabisa. Yeye ni mtumishi tu, alisema, na aliyesahau kumwita Mtumishi cheti chake cha ubatizo kilichelewa. Mama Mbeyu, aliyepika chai, akadeki na kufua vitambaa vya madhabahu, hakuwahi kuitwa mtumishi. Huyo tulimwita Mama Mbeyu.

Mwaka juzi ukumbi wetu mpya ulipokamilika, kamati ilitangaza kwamba utapewa jina la mtumishi mnyenyekevu kuliko wote, na uamuzi utatolewa Pasaka. Ndipo tukauona unyenyekevu. Jumapili iliyofuata wazee wote walihamia benchi la nyuma, wakasukumana huko mpaka miwani ya mmoja ikavunjika. Viti vya mbele vilibaki vitupu. Kwenye chai kila mmoja alitaka kuwa wa mwisho, foleni ikakataa kusonga, na mahamri yakapoa. Mtumishi Oliver aliwashinda wote. Alikaa kizingitini, pale ambapo kila anayeingia sharti amruke.

Aliutaka ukumbi ule, tusifichane. Hana mtoto wa kubeba jina lake, na siku moja aliniambia, bila mzaha, kwamba anaogopa kustaafu halafu asahaulike kama kalenda ya mwaka jana. Kabla ya uamuzi alikuwa ameshakwenda Mji wa Kale kwa Muhdhar, fundi seremala, akachongesha kibao cha mvule: UKUMBI WA MTUMISHI MNYENYEKEVU OLIVER MAKOKHA. Herufi zilikuwa nene na zimeinuka, hata kipofu angezisoma.

Ikaja Alhamisi Kuu, ibada ya kuosha miguu. Mtumishi alijipangia kuwaosha watu kumi na wawili, mpiga picha akiwa tayari. Waliochaguliwa walikuwa wamesugua visigino nyumbani mpaka vikang'aa. Lakini Bwana Seth, aliyekuwa wa kumi na mbili, alikwama kwenye msongamano wa magari Makupa, na kiti chake kikabaki wazi. Tsofa, hamali aliyekuwa ametuletea viti kwa mkokoteni, aliona kiti, akaona beseni la maji, akakaa apumzike.

Mtumishi alikuwa amefumba macho kwa ajili ya picha. Alipoyafumbua, tayari ameshika mguu wenye vumbi, grisi na ufa wa kisigino. Mpiga picha akashusha kamera. Tsofa, aliyedhani huyu ni mmoja wa wale wanaosugua watu miguu mjini, akasema kwa kuridhika, kanisa zima likisikia: "Fundi, mkono wako mwepesi. Jumamosi wapatikana wapi? Nataka nimlete mamangu, miguu yamsumbua."

Kwaya iliangua kicheko. Mimi nilianguka juu ya kinanda, nacho kikalia. Tulingoja Mtumishi ajitambulishe, maana kutambulisha ndiyo kazi yake. Aliutazama ule mguu, akaitazama kamera, jasho likimtoka. Kisha akajibu polepole: "Hapo nyuma, kwenye bomba. Asubuhi." Akaendelea kuosha.

Tulidhani ni maneno ya kujitoa aibuni. Jumamosi nilipokuja kufanya mazoezi nilimkuta bombani, suruali ameikunja, na mbele yake Bi Sidi, mama yake Tsofa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jumamosi ya pili walikuwa watatu. Siku hizi huja mahamali, wauza samaki, Waislamu kwa Wakristo, na hakuna hata mmoja anayetambulishwa. Wote humwita Fundi. Jina lake hawalijui, na yeye hajawaambia. Mimi niliyemcheka nililia siku nilipoligundua hilo.

Kamati nayo, Pasaka ile ile, ilimpa ukumbi, na hafla ya kutundika kibao ikapangwa Pentekoste. Tulivaa, tukapanga viti, misumari ikapigiliwa ukutani. Kibao hakikuonekana. Kumbe Mtumishi alikuwa amekirudisha kwa Muhdhar akitilie miguu minne, kwa sababu ile ndoo ilikuwa ikimwumiza Bi Sidi. Muhdhar alimwambia kibao ni kibao, kiwe cha kutundika au cha kukalia, ila akataka kwanza alipige randa lile jina. Mtumishi akakataa. Mbao ikilowa huteleza, alisema, na herufi zile zitawazuia wazee wasianguke.

Basi ukumbi hauna jina mpaka leo, na harusi hufungwa humo vilevile. Jina liko nyuma, bombani, na kila Jumamosi hukaliwa.

Kwa miaka yote ya wito, makaripio na makofi, Fundi, asante. Kamati imekuandalia cheti cha unyenyekevu, chenye fremu ya dhahabu, nawe utajua pa kukiweka. Tunakuombea ustaafu mwema, wenye afya ya mgongo na ya magoti. Jumamosi ya kwanza ya Julai usiniwekee nafasi ya mbele. Nitakuja na kisigino changu chenye ufa, nipange foleni nyuma ya Bi Sidi.

Zilpah Awiti, mpiga kinanda